Kabureta ya Mzee wa Hamtramck

Ninayo risiti iliyoandikwa kwa penseli nyuma ya bahasha ya bili ya umeme, Oktoba 1986: gari moja, Plymouth Duster 340 la mwaka 1970, dola 900, limeuzwa kama lilivyo. Penseli imefifia lakini tarakimu zinasomeka. Naihifadhi ndani ya Biblia yangu ya Kiswahili, kwenye Mhubiri sura ya 7. Nimeiweka hapo kwa makusudi, kwa sababu ukurasa huo una aya ambayo nimebishana nayo zaidi ya miaka 20.

Mhubiri anamkemea mtu anayeuliza kwa nini siku za kale zilikuwa njema kuliko hizi. Kwake yeye, swali hilo halitoki kwenye hekima. Mimi nimeliuliza mara nyingi. Nimeliuliza nikiwa nimesimama kwenye soko la spea zilizotumika, mbele ya meza ya mtu anayeuza kifuniko cha gurudumu kwa dola 180, wakati kifuniko kama hicho hicho nilikuwa nikikitumia gereji kama sahani ya kuoshea boliti. Mimi ni mzee wa kanisa, nimelelewa katika Ulutheri wa Usambara, na sioni raha kulumbana na Maandiko. Ila nataka kujua kama hiki kinachoniuma ni tamaa, au ni uzee, au ni jambo la haki ambalo sijapata namna ya kulisema.

Magari ninayoyasema waliyatengeneza Wamarekani, na wenyewe waliyaita magari ya misuli. Yalianza kupata umbo mwaka 1964, pale wahandisi wa Pontiac, akiwamo John DeLorean, walipochukua injini ya gari kubwa, ya inchi za ujazo 389, ambazo ni karibu lita 6.4, wakaiweka kwenye bodi ya gari la wastani na kuliita GTO. Kampuni nyingine zikafuata mbio. Jambo ambalo watu husahau ni kwamba mengi kati ya magari hayo yalikusudiwa kijana wa mshahara mdogo. Plymouth walipotoa Road Runner mwaka 1968, walivua kila pambo: viti vya kawaida, mpira sakafuni badala ya zulia, fedha yote ikaenda kwenye injini, na bei ikaanzia chini ya dola 3,000. Duster 340 la 1970 lilikuwa rahisi zaidi, jipya halikufika dola 2,600, na lilikuwa na nguvu za farasi 275. Mfanyakazi wa kiwandani aliweza kulinunua gari alilolifunga boliti kwa mikono yake mwenyewe.

Kisha zama zikageuka. Mwaka 1971 injini zilianza kupunguzwa nguvu ili zitumie petroli yenye risasi kidogo. Bima ya kijana mwenye gari la namna hii ikapanda hadi kumtoa jasho. Oktoba 1973 Waarabu wakafunga mafuta, na gari linalokunywa petroli kama ngamia aliyetoka jangwani likawa aibu ya familia. Nilipofika Michigan mwaka 1984, magari haya yalikuwa nyuma ya maghala ya wakulima, majani yamepita katikati ya bampa, kuku wametagia kwenye viti.

Lazima niseme nilitoka wapi, la sivyo mshangao wangu hautaeleweka. Baba yangu alikuwa fundi mitambo katika shamba la mkonge karibu na Korogwe, Tanzania. Baada ya vita vya Kagera nchi haikuwa na fedha za kigeni, na spea zikawa kama mvua ya kiangazi. Namkumbuka akikata gasketi kwenye boksi la katoni, akiiloweka kwenye oili usiku kucha, akiifunga asubuhi huku midomo yake ikisogea kwa sala. Trekta moja lilikaa miezi saba kwa kukosa pampu ya maji. Hakutupa boliti hata moja maishani mwake. Alizipanga kwenye makopo ya maziwa kwa urefu na unene, na sisi watoto tulichapwa tukizichanganya. Kwa baba, kukosea hakukuwa na nafasi. Ukivunja ringi ya pistoni, hapana nyingine. Basi fundi aliyekuwa na kipaji kuliko wote niliowahi kuwaona aliishi miaka yake bora akiogopa kufungua injini.

Sasa nichukulie mimi, mtoto wa fundi huyo, miaka 23, mwanafunzi Lansing, nasimama kwenye yadi ya chuma chakavu kwa mara ya kwanza. Safu kwa safu. Injini za V8 zimelazwa kwenye matope kama viazi. Gia boksi zima, dola 50. Difu, dola 40, uitoe mwenyewe. Nilikaa juu ya tairi, nikalia. Nililia kwa ajili ya baba, kwa sababu pale chini palikuwa na chuma kizuri kuliko chote alichowahi kukigusa, na mashine ya kukibonyeza ilikuwa inanguruma mita mia moja kutoka nilipokaa.

Gari langu nililinunua kwa mzee mmoja wa Hamtramck, mji mdogo uliozungukwa karibu wote na Detroit, uliokuwa wakati ule na watu wengi wa asili ya Poland. Alifanya kazi katika kiwanda cha Chrysler walichokiita Dodge Main, na gari lenyewe liliundwa humo. Herufi B kwenye namba ya chasisi inashuhudia. Alitaka dola 1,200. Nilikuwa na 900, nilizozipata kwa kuosha sahani hotelini kwa dola 3.35 kwa saa, ndicho kilichokuwa kima cha chini. Nimepiga hesabu: ni saa 269 za maji ya moto na sabuni. Mzee akazihesabu noti mara mbili, akaandika risiti, kisha akanirudishia noti ya dola 20 ya petroli. Kwa hiyo risiti yangu inasema 900 na ukweli ni 880. Nilipokuwa nawasha gari akatoka na maboksi mawili ya spea, akayaweka buti la nyuma. Ndani ya moja kulikuwa na kabureta ya Carter ya koo nne, safi, imefungwa kwenye gazeti la Kipolandi. Nikamwambia sina fedha za hivyo. Akafunga buti, akarudi ndani.

Nilijifunza ufundi kwa kuharibu. Majira ya kuchipua ya 1987 nilifungua injini ya 340 yote, nikaioshea petroli kwenye baraza la nyumba ya kupanga, na wakati wa kufunga nikachanganya vifuniko vya beringi za krenki. Kila kifuniko kina mahali pake, kimechongwa pamoja na bloku, lakini hilo sikulijua. Maili 40 baadaye, karibu na Howell, mshale wa oili ulilala kwenye sifuri na injini ikagonga kama mtu aliyefungiwa ndani. Ikafa. Katika shamba la mkonge kosa lile lingemfukuzisha mtu kazi. Mimi nilirudi yadi nikanunua injini ya 318, ndugu wa ile 340, kwa dola 75. Wikendi mbili na dola 75, hiyo ndiyo ilikuwa ada. Mwaka uliofuata mkulima mmoja aliniuzia 340 nyingine kwa 150, na safari hii nilivipiga vifuniko alama kabla ya kuvitoa. Sijavichanganya tena hadi leo.

Ninapotamani siku zile, basi, natamani nini hasa? Nimelikagua swali hili kama mtu anayetafuta mahali pa kuvuja. Siutamani ujana wangu. Ulikuwa wa baridi na upweke, barua kutoka Korogwe zilichukua wiki tano. Siutamani mwendo wa kasi. Niliendesha kwa woga wa askari na wa theluji. Ninachokitamani ni ruhusa ya kukosea. Urahisi wa bei ulikuwa ruhusa hiyo. Kitu cha bei nafuu kinakubali mikono ya mtu asiyejua. Kinamvumilia. Bei ikipanda, kile kitu kinatoka mikononi na kuhamia machoni. Unakizunguka, unakisifu, unasoma kibao chake, hukigusi. Na mtu hawezi kujua kitu kwa macho peke yake. Sisi Walutheri tunafundishwa tangu utoto kwamba neema ni kile upewacho kabla hujastahili, na nilikuwa nikiikariri kama mtoto anavyokariri. Niliielewa kwenye tope la yadi ile, pale nilipopewa injini ya pili baada ya kuiua ya kwanza.

Hapa ndipo Mhubiri ananishika shingo, na sina budi kumsikiliza.

Spea zile zilikuwa rahisi kwa sababu watu walizidharau, na zilidharauliwa kwa sababu mji mzima ulikuwa umeanguka. Dodge Main kilifungwa Januari 1980, kisha kikabomolewa. Mwaka 1982 ukosefu wa ajira Michigan ulipita asilimia 15. Mzee wangu wa Hamtramck hakuuza Duster kwa ukarimu mtupu. Aliuza kwa sababu alikuwa anahama kwenda kukaa kwa binti yake, nyumba ikiwa imekosa mnunuzi. Siku zangu njema zilikuwa siku zake mbaya. Hata ile chumvi iliyokula sakafu ya gari langu, na kuifanya bei ishuke, ilichimbwa chini ya mji huo huo, kwenye mgodi ulio zaidi ya mita 300 chini ya Detroit, ikamwagwa barabarani kila baridi. Mji ulikuwa unayala magari yake wenyewe kwa chumvi yake wenyewe, na mimi nikasimama pembeni na jeki na spana nikishukuru. Mtu anayesema siku zile zilikuwa njema anapaswa kutaja zilikuwa njema kwa nani. Nadhani hilo ndilo analolikemea Mhubiri. Lakini namwomba naye akumbuke kwamba kitabu chenyewe kinamtambulisha kama mfalme wa Yerusalemu, aliyejenga majumba, akapanda mizabibu, akajikusanyia fedha na dhahabu. Huyo hakuwahi kuuliza bei. Si ajabu swali la siku za kale lilimkera.

Bei zilianza kupanda nikiwa bado naliendesha Duster kwenda kazini. Vijana waliokuwa na miaka 16 mwaka 1968, waliotamani na kukosa, walifika miaka 50 wakiwa na fedha. Minada ikaanza kuonyeshwa kwenye televisheni, hasa ule wa Scottsdale, Arizona, na majirani waliokuwa hawajui gari lililoko kwenye ghala lao wakajua. Mfano unaonitesa kuliko wote ni ule wa Mustang la kijani aliloliendesha Steve McQueen katika filamu ya *Bullitt* ya 1968. Familia moja ililinunua kwa dola 6,000 mwaka 1974. Likawa gari la nyumbani; mama, ambaye alikuwa mwalimu, aliliendesha kwenda shule. McQueen mwenyewe aliandika barua mwaka 1977 akiomba alinunue, hakupewa. Januari 2020 liliuzwa mnadani Kissimmee, Florida, kwa dola milioni 3.4 kabla ya ada. Rangi imechakaa, viti vimechakaa. Thamani haikutoka kwenye boliti. Kilichoongezeka ni kumbukumbu za watu.

Na kumbukumbu ni za nani? Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, aliandika juu ya bei ya haki, na kuna hoja yake moja ambayo mchungaji wetu wa zamani alinieleza tukiwa chini ya gari lake, mimi nikibadilisha breki. Thomas anasema muuzaji akipata hasara kwa kuachana na kitu chake, anaweza kuihesabu hasara hiyo kwenye bei. Lakini kama mnunuzi ndiye atakayenufaika sana, na muuzaji hapungukiwi, si halali kupandisha bei kwa ajili ya haja ya mnunuzi, maana haja hiyo si mali ya muuzaji, na mtu hawezi kuuza kisicho chake. Nilitoka chini ya gari nikakaa sakafuni. Yule bwana wa kifuniko cha dola 180 alikuwa ananiuzia bati la senti chache na hamu yangu mwenyewe. Hamu aliitoa wapi? Niliileta mimi.

Nilifurahia hoja hiyo kwa miaka mingi, kama mtu anayefurahia silaha ambayo haijamwelekea yeye.

Agosti mwaka jana nililipeleka Duster Woodward, barabara inayotoka Detroit hadi Pontiac, ambako tangu 1995 watu hukusanyika Jumamosi ya tatu ya mwezi huo kuendesha magari ya zamani polepole, wazee kwenye viti vya kukunja kandokando, moshi wa petroli na wa soseji. Bwana mmoja kutoka Ohio alilizunguka gari mara tatu, akalala chini kutazama difu, akasoma namba za bloku, akaniambia dola 38,000, taslimu, wiki ijayo. Nikasema nitafikiri. Hayakuwa maneno ya adabu tu. Paa letu linavuja juu ya chumba cha kulala, nami nimestaafu.

Wiki hiyo hiyo kijana mmoja wa usharika wetu wa Kiswahili akanifuata baada ya ibada. Alizaliwa Uvira, Kongo, akakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, ambako alikuwa fundi baiskeli tangu akiwa na miaka 11. Sasa anafanya kazi ghalani zamu ya usiku. Alikuwa ameliona gari likiingia maegesho ya kanisa. Akaniuliza kwa heshima, mikono nyuma: "Papa, ukija kuuza, ni bei gani? Mimi nimeweka dola 4,200."

Nilimtazama nikajiona mimi mwenyewe nimesimama uani kwa yule mzee, noti mkononi. Kima cha chini cha serikali kuu ni dola 7.25 tangu 2009. Kijana analipwa mara mbili ya hiyo, na bado zile 38,000 ni saa zaidi ya 2,600 za kubeba maboksi, asile, asilipe pango. Mimi nililipa 269. Ilikuwa rahisi kumlaumu bwana wa Ohio, au televisheni, au minada. Lakini ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Katika hadithi hii ya mlango uliofungwa, anayeushika mlango ni mimi.

Nikarudi kwa Thomas. Hasara yangu ni ipi? Nikatoa risiti zote, si ile ya bahasha tu: sakafu mpya ya bati, breki, rangi, matairi, injini mbili. Jumla, 11,460. Hiyo ni yangu, naweza kuihesabu. Zile nyingine zaidi ya 26,000 ni za nani? Mke wangu, ambaye ana akili kuliko mimi na Thomas tukiwekwa pamoja, alisikiliza hesabu yote akiwa anachambua mchele. Akasema, "Paa je, nalo limo?" Nikasema halimo. Akasema, "Basi hesabu bado." Hajakosea. Mtu maskini kidogo akimpa maskini zaidi, mvua haisubiri. Bado hatujaamua, na sitaki kumdanganya msomaji kwamba tumeamua.

Nilichoweza kufanya mara moja ni kumfungulia gereji. Anakuja Jumamosi mchana, akiwa amelala saa nne tu, na tunafanya kazi. Ana vidole vya fundi baiskeli, vyepesi, vinavyosikiliza. Mwezi uliopita nilimwachia afunge kabureta peke yake. Ni Carter ya asili, ile iliyokuwa kwenye injini gari lilipotoka Hamtramck, yenye tarehe sahihi kwenye kibati chake. Wakusanyaji wanailipia mamia ya dola kwa ajili ya kibati hicho. Nilikuwa nimegeuka kutafuta bisibisi. Bomba la petroli linaingia kwenye kabureta kwa nati ya shaba, na bodi ya kabureta ni ya aluminiamu laini. Aliikaza nati kama anavyokaza ekseli ya baiskeli. Nikasikia ule mlio mdogo ambao kila fundi anaujua, thredi zikikatika.

Gereji ikanyamaza. "Papa," akasema, "nimeharibu."

Kitu cha kwanza kilichopita kichwani mwangu kilikuwa namba. Sikumwona yeye, niliona dola mia saba. Moyo wangu ulipanda na sauti ya baba yangu ikapanda nao, ile ya makopo ya boliti, na nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kijana alikuwa amesimama na spana mkononi kama mtu anayesubiri kuchapwa. Nilipomwona vile, niliona pia mahali nilipofika: nimekuwa mtu ambaye karibu yake hakuna anayeweza kukosea.

Nikaenda kwenye rafu ya juu, nikasogeza makopo ya rangi, nikashusha boksi. Gazeti limegeuka rangi ya chai na linakatika ukiligusa, lakini herufi za Kipolandi bado zinaonekana. Nikaifungua ile kabureta ya pili juu ya benchi. Miaka yote hii sikuwahi kuifunga kwenye gari, kwanza kwa sababu haikuhitajika, baadaye kwa sababu ilikuwa ghali.

"Hii ni bei gani?" akauliza.

"Nilipewa," nikasema. "Shika nati kwa vidole kwanza, bila spana. Izungushe mpaka ikatae yenyewe."